Kumpa mwenzako maoni katika masomo ya mtandao: neno linalosaidia na neno linalonyamazisha

Katika jimbo la Tshopo, sehemu ya masomo leo inapita ndani ya telefone. Mwalimu wa shule ya msingi kule Yahuma anayetafuta lisansi yake, kijana wa Makiso anayesoma agronomia, mama wa Kabondo aliyerudi masomoni baada ya kulea watoto: wote wanaweza kujikuta katika gurupe moja ya WhatsApp. Asistanti anatuma swali. Kila mmoja anaandika jibu lake. Kisha inakuja ile sentensi ambayo wengi hawaipendi: “Sasa someni kazi za wenzenu na muwape maoni.”

Kinachofuata kinajulikana. Wengi wanaandika “Muzuri sana ndugu, kuraje!” na kuweka kidole gumba. Mmoja au wawili wanaandika “Hii haiko kitu, rudia.” Waliobaki wananyamaza hadi saa ya mwisho, halafu wananakili maoni ya mwingine na kubadilisha jina. Mwenye kazi anabaki palepale alipokuwa, na tena amelipa mega za kusoma hayo yote.

Mazoea haya yalitoka wapi

Tarehe 18 Machi 2020, rais Félix Tshisekedi alitangaza kufungwa kwa shule na vyuo vikuu juu ya Korona, na kuanzia kesho yake milango ikafungwa nchi nzima. Redio ilibeba sehemu ya masomo wakati ule. Wengi wanakumbuka kipindi cha Okapi École cha Radio Okapi. Lakini redio inasema tu, mtoto anayesikiliza hawezi kuinua mkono. Gurupe za WhatsApp, ambazo watu walikuwa nazo tayari kwa habari za familia, kanisa na mishahara, ndizo zikawa mahali pa kuuliza na kujibiwa. Shule zilipofunguliwa tena, gurupe hazikufungwa.

Halafu ikaja LMD, mpango wa masomo ya juu ambao serikali iliamuru utumike katika vyuo vya Kongo tangu mwaka wa masomo 2021-2022. Katika mpango huo mwaka mmoja una kredi 60, na lisansi inabeba kredi 180. Ndani ya kila kredi kuna saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi yake mwenyewe, nje ya oditwari. Kwa mtu aliye mbali na chuo, saa hizo ndizo anazifanyia kwenye simu, pamoja na wenzake wa promosiyo.

Na Yahuma iko mbali. Ni mojawapo ya teritwari saba za Tshopo, upande wa magharibi wa Kisangani, kusini ya mto Kongo. Anayetoka huko kwenda UNIKIS au Taasisi ya Juu ya Ualimu (ISP) anahesabu mtumbwi au baleniere, pikipiki, na siku za njia. Akibaki nyumbani, anahesabu mahali mtandao unashika, moto wa kuchajia simu, na bei ya mega. Anafungua gurupe mara moja, pengine usiku, anapakua kila kitu, anarudi nyumbani kusoma. Siku ya pili au ya tatu ndipo anaweza kujibu.

Hilo linabadilisha kazi ya mtu anayetoa maoni. Ndani ya darasa, ukimwambia mwenzako “hapa haieleweki”, atakuuliza “wapi?” na utamwonyesha kwa kidole. Kwenye gurupe, swali lile la “wapi?” linaweza kuchukua siku mbili kufika na siku mbili kujibiwa, na tarehe ya kurudisha kazi imekwisha kupita. Kwa hiyo maoni yanayotumwa kwa mtu wa Yahuma yanapaswa kuwa kamili kama barua: akiyasoma peke yake, bila mtandao, aweze kushika biki na kurekebisha.

Mfano wa mozaiki ya mihogo

Fikiria kazi ifuatayo. Asistanti ameuliza: “Ugonjwa gani unapunguza mihogo kwenu, unatoka wapi, na mlimaji afanye nini?” Mwalimu mmoja, mtu mzima, ameandika paragrafu tatu juu ya mozaiki. Ameeleza majani ya pondu yenye madoa ya manjano, yaliyojikunja, na mizizi iliyobaki midogo. Kisha anasema kwamba ugonjwa huo unaletwa na mvua nyingi, na anashauri watu wachimbe mifereji ya maji.

Maelezo ya majani ni sahihi kabisa. Chanzo si sahihi. Mozaiki ya mihogo inaletwa na virusi. Inabebwa na nzi weupe, wale wadudu wadogo wanaokaa chini ya majani, na inasafiri pia ndani ya miti ya kupanda iliyokatwa kwenye shina lenye ugonjwa. Mfereji wa maji hausaidii kitu hapo.

Sasa mwenzake kijana anaweza kuandika mambo matatu. Anaweza kuandika “Felisitasiyo Papa Mwalimu”, na Papa Mwalimu atabaki na mvua yake. Anaweza kuandika “Uongo! Mvua haileti virusi, soma silabusi”. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini mzee atafunga simu. Au anaweza kuandika hivi:

“Papa Mwalimu, jambo. Paragrafu yako ya kwanza ilinisaidia: umeeleza namna majani yanapata madoa na kujikunja, hata mtu asiyesoma atautambua ugonjwa shambani. Lakini pale unasema mvua nyingi ndiyo inaleta mozaiki, sikukufuata. Silabusi, sehemu ya magonjwa, inasema ni virusi, inabebwa na nzi weupe na pia na miti ya kupanda yenye ugonjwa. Kule kwenu uliona ugonjwa unazidi wakati fulani wa mwaka? Kama ndiyo, andika ile uliyoona, lakini uitenganishe na chanzo. Na kama chanzo ni miti ya kupanda, ule ushauri wa mifereji utabadilika: nadhani utakuwa wa kuchagua mashina safi kabla ya kukata.”

Maoni haya si marefu. Dakika kumi zinatosha kuyaandika, kama mtu amesoma kazi kweli. Yanataja mahali: paragrafu ya kwanza, sentensi ya mvua, ushauri wa mwisho. Yanasema kilicho kizuri na kwa nini ni kizuri, si sifa ya kupaka mafuta tu. Yanaonyesha ushahidi uko wapi, ili mzee asilazimike kumwamini kijana kwa neno lake. Yana swali la kweli, juu mtu aliye Yahuma anaweza kuwa ameona shambani kitu ambacho silabusi haikukiandika. Na yanaonyesha hatua inayofuata bila kumwandikia kazi yake.

Kuna jambo lingine katika mfano huu ambalo gurupe nyingi zinalisahau. Yule mwalimu hasomi kwa ajili ya pointi tu. Kesho atasimama mbele ya watoto wa darasa la sita, na watoto watarudi nyumbani na habari ile. Kijijini watu wanapeana miti ya kupanda, jirani kwa jirani, shemeji kwa shemeji, na virusi inatembea nayo. Mwenzake aliyeandika “kuraje” kwa kuogopa kumkwaza mzee ameiacha habari mbaya ipite mpaka shambani.

Makosa ya Kifaransa

Ugonjwa mwingine wa gurupe ni kuhesabu makosa ya lugha. Kozi iko kwa Kifaransa, mjadala unachanganya Kiswahili na Lingala, na kazi inaandikwa kwa Kifaransa ambacho wengi walikijulia shuleni tu. Mtu anatuma wazo zuri lenye “accord” mbaya, na majibu matano yote yanarukia ile “accord”. Wazo hakuna aliyeligusa. Wiki ijayo mtu huyo hatumi tena kitu. Anasema mtandao ulimkatalia.

Lugha inasahihishwa, ndiyo, hasa kama kazi itapelekwa kwa profesa. Lakini inakuja mwisho, na kwa yale makosa yanayogeuza maana tena yanayorudi mara nyingi. Kumwambia mwenzako “angalia namna unavyoandika wakati uliopita katika paragrafu mbili za mwisho” kunamfundisha. Kumwandikia orodha ya makosa ishirini mbele ya watu arobaini ni kumvua nguo.

Maandishi hayana sauti

Watu wa mto wanaijua lokole, ile ngoma ya mti iliyochimbwa ndani. John Carrington, mmisionari wa Kibaptisti aliyeishi Yakusu, chini kidogo ya Kisangani, alijifunza kuipiga pamoja na Walokele na akaandika juu yake kitabu kilichotoka mwaka 1949. Alieleza kwamba ngoma inabeba kupanda na kushuka kwa sauti tu, herufi haizibebi. Kwa kuwa maneno mengi yana sauti zinazofanana, mpigaji hasemi “mwezi” peke yake. Anaongeza maneno, mwezi ule unaoangalia dunia kutoka juu, ili msikilizaji wa kijiji kingine asichanganye na kuku.

Mesaji ya WhatsApp ina upungufu wa upande wa pili: maneno yapo, sauti haipo. “Umesoma kweli?” ikisemwa kwa kucheka ni utani, ikiandikwa usiku kwa mtu aliyechoka ni tusi. Watafiti wa Marekani, Justin Kruger na wenzake, walipima jambo hilo mwaka 2005 kwa barua za kompyuta. Waliotuma waliamini kwamba wasomaji watatambua mzaha wao mara nyingi. Wasomaji walipatia karibu nusu tu, yaani kama mtu anayetupa shilingi hewani.

Dawa ni ileile ya mpigaji wa lokole: kuongeza maneno mpaka maana isimame peke yake. “Sikukubali” ni fupi mno. “Sikukubali na sababu ya pili, juu haina mfano, ile ya kwanza nimeikubali” haiwezi kusomwa vibaya hata na mtu mwenye hasira.

Wengine wanapendelea odio, na kweli odio inarudisha sauti. Lakini inakula mega zaidi, na aliyeipokea hawezi kurudia sentensi moja kwa jicho. Inabidi asikilize dakika nne zote kutafuta neno moja. Salamu kwa odio, masahihisho kwa maandishi: gurupe kadhaa zimejifunza hivyo zenyewe.

Heshima na umri

Shida ngumu zaidi si ya teknolojia. Katika promosiyo moja kuna mtoto wa miaka 20 na prefe wa shule wa miaka 50. Mtoto atamwambiaje Papa Prefe kwamba hesabu yake haiingii? Wengine wanajibu kwamba mbele ya masomo wote ni wanafunzi, basi kila mtu aitwe kwa jina. Hilo halitashika hapa, na hakuna haja lishike. “Papa”, “Mama”, “Yaya”, “mukubwa” hayazuii ukweli kupita. Mara nyingi ndiyo yanayoufungulia mlango. Anayeanza na “Papa Prefe, naomba kuuliza kitu juu ya jedwali lako” ameshaonyesha kwamba anagusa jedwali na hamgusi mtu.

Lakini heshima ina mtego wake. Kuna wanaoomba ruhusa kwa mistari mitano na mwisho hawasemi kitu. Mzee anasoma, anashukuru, na hajui hata kama kulikuwa na kosa. Salamu moja inatosha, kisha jambo lenyewe. Na wakubwa nao wana kazi: mzee anayejibu “asanti mwanangu, umenifungua macho hapo” amefungua midomo ya vijana kumi waliokuwa wananyamaza. Anayejibu “wewe ulizaliwa lini?” ameifunga.

Je, kosa lisemwe mbele ya wote au kwa pembeni? Hapa watu wanabishana. Kosa la somo, kama lile la mvua na mozaiki, lisemwe ndani ya gurupe, kwa upole, kwa sababu wengine wote wamelisoma na pengine wamelinakili. Jambo linaloweza kumletea mtu aibu, kwa mfano kazi inayofanana neno kwa neno na ya mwaka jana, lianzie kwa mesaji ya peke yake.

Kile utafiti unaonyesha

Kuna wanaofikiri kwamba maoni yoyote ni bora kuliko kunyamaza. Si kweli. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi juu ya watu wanaoambiwa namna walivyofanya kazi, wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja kazi ilishuka baada ya maoni. Inashuka hasa pale maneno yanapomgeuza mtu ajiangalie yeye mwenyewe, kama ana akili au hana, badala ya kuangalia kazi. John Hattie na Helen Timperley waliliandika tena mwaka 2007: sifa kwa mtu (“wewe ni bingwa”) haimsaidii sana kujifunza. Kinachosaidia ni kujua kazi inaelekea wapi, imefika wapi, na hatua inayofuata ni ipi.

Faida nyingine inamrudia mtoaji. Mwaka 2009 Kristi Lundstrom na Wendy Baker walilinganisha wanafunzi wa lugha waliofundishwa kutoa maoni tu na wale waliofundishwa kuyapokea na kuyatumia. Waliotoa ndio walioendelea zaidi katika uandishi wao wenyewe. Anayezoea kutafuta pengo katika kazi ya mwenzake anaanza kuliona katika yake. Kwa hiyo anayenakili maoni ya mwingine anajiibia mwenyewe kwanza.

Hata watoto wadogo wanaweza. Mwalimu Mmarekani Ron Berger amejulikana kwa kisa cha mtoto wa darasa la kwanza wa Boise, jimbo la Idaho, aliyechora kipepeo. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa kawaida wa mtoto. Wenzake walimwambia mahali hasa pa kurekebisha, kwanza umbo la mabawa, baadaye madoa yake. Mchoro wa sita ulikaribia kabisa picha ya kitabu. Berger anadai maoni yawe na upole, yataje jambo hasa, na yasaidie.

Karibu zaidi na sisi, tangu mwaka 2010 shirika la Wajesuiti lilipeleka diploma ya mtandao katika kambi za wakimbizi za Kakuma (Kenya) na Dzaleka (Malawi), ambako Wakongo ni wengi. Diploma ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Masomo yalipita kwa mijadala ya kuandika, na mwanafunzi alijibishana na mtu ambaye hajawahi kumwona uso. Mazingira yale ya moto wa shida na mtandao wa kuvizia, mtu wa Yahuma hahitaji kuelezwa.

Namna gurupe inaweza kupangwa

Watu arobaini katika mjadala mmoja ni soko. Chef wa promosiyo akigawa vikundi vya watu wanne au watano, kila mmoja anajua kazi zipi ni zake kusoma, na hakuna atakayekosa msomaji. Maoni mawili yaliyosomwa vizuri yanapita kumi za mbio. Asistanti anayetoa pointi kwa hesabu ya mesaji atapata mesaji, zenye “kuraje” ndani. Na tarehe ya maoni isiwe kesho yake ya tarehe ya kazi. Aliye mbali apewe siku nne au tano hivi, la sivyo mjadala unabaki wa watu wa mjini.

Siku hizi kuna pia maoni yanayoandikwa na programu za akili bandia na kubandikwa vilevile. Yanajulikana upesi: yanasifu muundo, yanashauri mifano zaidi, lakini hayataji hata shina moja la muhogo lililo katika kazi.

Kwa anayepokea, ni afadhali asijibu saa ileile. Asome, alale, asome tena asubuhi. Halafu aandike ni lipi amelichukua, lipi hakulichukua na kwa sababu gani. Mtoa maoni naye anastahili kujua kwamba dakika zake kumi hazikuanguka mtoni. Na kwa kuwa simu zinaibiwa, zinaanguka katika mtumbwi, au zinajaa na kufuta mesaji za zamani, maoni yenye maana yanakiliwe kwenye kaye, upande wa kushoto wa kazi yenyewe, na tarehe yake. Siku ya kuandika memwari, ukurasa ule utafunguliwa tena.